Tishio la Ukatili wa Kingono: Mambo ambayo Mwananchi wa Misungwi Anapaswa Kuyajua

Na Mwandishi Wetu, Misungwi

DARAJA la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi lilifunguliwa rasmi tarehe 19 Juni, 2025, na tangu siku hiyo safari ya kuvuka Ghuba ya Mwanza, ambayo kwa kivuko ilitegemea foleni na hali ya ziwa, imekuwa ya dakika chache. Wilaya ya Misungwi, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa kumegwa kutoka Kwimba, sasa ni njia panda ya Kanda ya Ziwa kwa maana kamili ya neno hilo. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga inapita humo, barabara ya Sengerema na Geita inachepukia Usagara, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka iliwekewa jiwe la msingi katika eneo la Fela mwezi Juni, 2021.

Mwendo wa watu huleta biashara, nayo biashara huleta saa za usiku. Mama lishe hufunga kibanda akiwa wa mwisho, mchuuzi wa dagaa huwahi mwaloni kabla ya mapambazuko, mwanafunzi hutoka kijijini kungali giza ili aiwahi kengele, na binti wa kazi za nyumbani hutumwa dukani jioni. Wote hao wanahitaji kujua namna ya kulitambua tishio la ukatili wa kingono, namna ya kulikabili linapotokea na hatua za kuchukua baada yake. Makala haya yanaeleza mambo hayo matatu kwa kuzingatia sheria za nchi na mazingira ya wilaya hii.

Mjadala kuhusu usalama wa wanawake na watoto mara nyingi huishia kwenye ushauri mmoja, yaani asitembee usiku, avae nguo za heshima na asizoeane na watu. Ushauri huo una kasoro mbili. Kwanza, haumsaidii mama ambaye riziki yake inapatikana usiku na nyumba yake ipo mwendo wa nusu saa kutoka barabara ya lami. Pili, unamfundisha mtu kumwogopa mgeni wa gizani, ilhali tafiti zinaonesha kuwa anayetenda vitendo hivi aghalabu ni mtu anayefahamika: jirani, mpenzi, ndugu, mwenye nyumba, bosi au dereva wa kila siku.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulibaini kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 nchini walifanyiwa angalau kitendo kimoja cha ukatili wa kingono kabla ya kutimiza umri wa miaka 18. Maeneo yaliyotajwa zaidi na wasichana yalikuwa nyumbani kwa mtu, na njiani wakati wa kwenda au kutoka shuleni. Karibu nusu yao hawakuwahi kumweleza mtu yeyote. Kwa upande wa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 17 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono, na ule wa mwaka 2022 ukaonesha asilimia 12. Kiwango kimeshuka, jambo la kutia moyo, lakini bado kina maana ya zaidi ya mwanamke mmoja katika kila kumi.

Jijini Mwanza, utafiti uliojulikana kwa jina la MAISHA uliwafikia wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa katika vikundi vya mikopo midogo. Asilimia 61 walieleza kuwa wamewahi kupigwa au kulazimishwa kingono na mwenza wao. Hawa hawakuwa wanawake wasio na kipato wala wasiojua mambo. Walikuwa wafanyabiashara wanaorejesha mikopo kwa wakati na kurudi nyumbani jioni kwenye hatari.

Kwa wilaya za Usukumani lipo jambo linalopaswa kusemwa bila kuzungukazunguka. Chagulaga ni desturi ambayo vijana wa kiume humzunguka msichana, aghalabu jioni baada ya mnada, gulio au ngoma, na kumtaka achague mmoja wao. Jina lenyewe ni amri hiyo: chagua. Wapo wanaoitetea kuwa ni njia ya uchumba iliyorithiwa kutoka kwa mababu. Hata hivyo, kumkimbiza binti gizani, kumfungia njia, kumvuta mkono na kumwambia hapiti mpaka achague ni mambo ambayo Kanuni ya Adhabu inayafahamu kwa majina mengine kabisa.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo iliingiza vifungu vipya katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kuwa ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho, hofu ya kuumizwa au wakati mtu amezuiliwa isivyo halali si ridhaa. Kumchagua mmoja kati ya vijana watano waliokuzingira njiani hakuwezi kuitwa kukubali. Endapo binti yuko chini ya umri wa miaka 18, suala la kukubali halijadiliwi hata kidogo. Na kwa kuwa chagulaga hufanywa na kundi, vijana na wazazi wao wanapaswa kukifahamu kifungu cha 131A, kinachoeleza kuwa ubakaji ukifanywa na kundi, kila aliyeshiriki au kusaidia anahesabiwa kuwa ametenda kosa hilo na adhabu yake ni kifungo cha maisha, bila kujali nafasi aliyoshika. Aliyesimama pembeni kuangalia kama kuna mtu anakuja hana kesi ndogo kuliko mwenzake.

Kwa ubakaji wa mtu mmoja adhabu ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Akibakwa mtoto wa kike aliye chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Jaribio la kubaka nalo lina kiwango cha chini cha miaka 30. Kumshikashika mtu kwa nia ya kumdhalilisha kingono, kumtolea maneno au ishara za namna hiyo na kumbughudhi ni makosa yanayojitegemea. Yote haya yanathibitisha kwamba mtu hahitaji kusubiri hadi aumizwe ndipo awe na la kuripoti.

Tishio mara nyingi huanza kabla ya mtu kushikwa. Huanza kwa mtu kupima mipaka: mzaha wa maneno ambao ukikaa kimya unaongezeka, mkono unaowekwa begani na kurudishwa baada ya kuondolewa, swali kuhusu ratiba ya mume au saa ambayo wazazi huondoka. Hufuata jitihada za kumtenga mhusika na wengine, kwa mfano dereva wa bodaboda kubadili njia pasipo sababu, mwalimu kumwita mwanafunzi mmoja nyumbani kwake kuchukua madaftari, mnunuzi kutaka malipo yafanyikie chumbani, au jamaa kumtuma mtoto mahali ambapo yeye mwenyewe atamfuata. Hakuna mojawapo ya ishara hizi inayothibitisha nia mbaya peke yake. Zinapoandamana mbili au tatu, mtu ana haki ya kuondoka mahali hapo bila kutoa maelezo, hata kama ataonekana hana adabu. Malezi yetu yanathamini sana heshima kwa mkubwa, na ni vizuri yaendelee hivyo, ila binti afundishwe waziwazi kwamba heshima hiyo haimlazimishi kuingia chumba asichotaka kuingia.

Hatua ya kwanza mbele ya tishio ni sauti. Sauti ya kuomba, yenye kicheko cha woga, humpa mkosaji nafasi ya kuendelea. Inayosaidia ni sauti kavu, fupi na kubwa inayotaja kitendo na kuagiza: "Toa mkono wako. Simama hapo. Sitaki." Pakiwa na watu karibu, inafaa kumtaja mhusika kwa jina au kwa nguo aliyovaa, na kumtaja pia mtu unayemwomba msaada, kwa mfano "Mama mwenye khanga ya njano, nisaidie, huyu kijana simfahamu." Watu wengi wakisikia kelele zisizo na mwelekeo hudhani ni ugomvi wa mtu na mwenza wake na kupita zao. Anayetajwa moja kwa moja hupata ugumu kupita.

Usukumani una urithi wake katika jambo hili. Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ndio uliokuwa nguzo ya sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lililoibuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabili wizi wa mifugo. Aliyeusikia alipaswa kutoka nyumbani na kuupokeza kwa jirani hadi kijiji kizima kiamke. Ng'ombe walipoibiwa hakuna aliyeuliza kwanza kama mwenye zizi alilifunga vizuri. Ni ajabu kwamba binti anapopiga yowe njiani, swali la kwanza bado huwa alikuwa anatoka wapi saa hizo. Vikundi vya ulinzi shirikishi vilivyopo vijijini leo vinaweza kuurejesha utaratibu huo kwa ajili ya usalama wa watu, kwa sharti kwamba mtuhumiwa akikamatwa afikishwe Polisi akiwa hai na mzima. Kujichukulia sheria mkononi ni kosa, na mtuhumiwa aliyeuawa na umati huondoka na sehemu kubwa ya ushahidi ambao ungemsaidia manusura.

Hatua ya pili ni kuondoka. Kimbia kuelekea kwenye watu na mwanga, si kuelekea nyumbani ikiwa nyumbani hakuna mtu. Kukimbilia duka lililo wazi, kituo cha mafuta, zahanati, nyumba ya ibada au geti lenye mlinzi ni bora kuliko kujificha kwenye shamba la mahindi. Vitu vinaachwa. Simu, mkoba na ndoo ya dagaa vina thamani, lakini kuvishikilia kunapunguza mwendo.

Kupigana huja mwishoni, pale njia nyingine zinapokuwa zimefungwa, na lengo lake ni kupata upenyo wa kukimbia. Macho, pua, koo na sehemu za siri ndizo dhaifu kwa mtu wa umbo lolote, na pigo moja la ghafla likifuatiwa na mbio lina faida kuliko mapambano marefu. Mtu anayejikinga ana ulinzi wa sheria. Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 18 hadi 18C, inatambua haki ya mtu kujitetea na kumtetea mwingine kwa nguvu inayolingana na mazingira, na inaitaja bayana nia ya kubaka miongoni mwa hali ambazo haki hiyo inaweza kufikia hata kumsababishia mshambuliaji madhara makubwa au kifo, endapo aliyejitetea aliamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kuwa ilikuwa lazima. Haki hiyo hukoma hatari inapokwisha. Kumfuata aliyekimbia na kumpiga si kujitetea tena.

Je, mafunzo ya namna hii yanasaidia? Nairobi kuna mfano uliopimwa. Wasichana wa sekondari katika mitaa duni ya jiji hilo walifundishwa kwa wiki kadhaa kutambua hatari, kutumia sauti, kuweka mipaka na kujikinga kwa mwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na 2014 yalionesha kupungua kwa matukio ya kushambuliwa kingono miongoni mwa waliofunzwa, na zaidi ya nusu yao walisema walitumia walichofundishwa kujinasua katika mwaka uliofuata. Aidha, wengi walijinasua kwa maneno, pasipo kurusha ngumi. Hapa kwetu, wanawake wa utafiti wa MAISHA waliopitia vipindi kumi vya mafunzo kuhusu jinsia na mahusiano walipata nafuu upande wa kupigwa na wenza wao, ingawa nafuu hiyo haikuonekana vivyo hivyo upande wa kulazimishwa kingono. Hilo linaonesha mipaka ya kumfundisha mwanamke peke yake huku mwanamume akiachwa nje ya darasa.

Pamoja na yote hayo, wapo watakaoshindwa kupiga kelele wala kuinua mkono, na jambo hili halieleweki vya kutosha katika jamii wala, wakati mwingine, katika ofisi zinazopokea malalamiko. Mwili wa binadamu ukizidiwa na hofu unaweza kuganda. Misuli inakuwa mizito, sauti haitoki, na mtu huwa kama anayeangalia mambo yakimtokea mwingine. Utafiti uliofanyika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa huko Stockholm, Sweden, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwahoji wanawake 298. Asilimia 70 walieleza kuwa waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Sheria ya Tanzania ilikuwa imeliona hilo mapema, kwa kuwa kifungu cha 130 kinasema ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha mwilini, si lazima ili kuthibitisha kuwa hapakuwa na ridhaa. Kwa hiyo swali la "mbona hukupiga kelele?" halina nafasi kisheria, na kwa manusura ni kidonda kingine.

Yapo mazingira ya Misungwi yanayohitaji tahadhari za pekee. La kwanza ni wanafunzi wanaopanga vyumba karibu na shule, maarufu kama mageto, kwa sababu ya umbali. Binti wa miaka 15 anayeishi peke yake katika chumba chenye mlango wa kufungwa kwa kamba yuko hatarini kila siku, na mwenye nyumba au muuza duka anayemkopesha unga anaweza kuligeuza deni kuwa mtego. Mabweni ndiyo suluhisho la kudumu. Yanapokuwa bado hayajajengwa, wazazi wanaweza kupangisha kwa pamoja nyumba moja yenye mwangalizi mtu mzima anayefahamika na serikali ya kijiji, komeo la ndani likawekwa, na chakula kikapelekwa kwa zamu ili mtoto asikope.

Kuhusu bodaboda, wengi wa madereva ni vijana waaminifu wanaotafuta riziki, na wao ndio wanaoweza kuwa walinzi wa kwanza. Abiria wa usiku achukue pikipiki kwenye kijiwe kinachotambulika, ampigie mtu simu akiwa bado kijiweni na kutaja namba ya pikipiki kwa sauti ambayo dereva anaisikia. Jambo hilo halimtukani dereva mwema. Njia ikibadilishwa, asisubiri mwisho wa safari kuuliza.

Pembezoni mwa ziwa, mialoni, kuna ukatili unaovaa sura ya biashara, ambapo mwanamke huambiwa kuwa samaki au dagaa watapatikana iwapo atakubali ngono na mwenye mtumbwi. Upande wa Kenya tabia hiyo hujulikana kama jaboya, na katika ufukwe wa Nduru, karibu na Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao wenyewe na kuajiri wavuvi, ili bidhaa iwe mikononi mwao. Mwanamke mwenye mtumbwi haombi samaki kwa mtu. Vikundi vya wanawake wa Misungwi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vinaweza kuufikiria mfano huo. Pale anayedai ngono ni mtu mwenye mamlaka, kama vile mtumishi wa umma, mwajiri au mkufunzi, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu namba 113.

Sasa tuje kwenye saa zinazofuata baada ya tukio, ambazo ndizo zinazopotezwa zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa, kisha hunywewa kwa siku 28 mfululizo. Dawa za dharura za kuzuia mimba huwa na nguvu zaidi zikitolewa mapema, ingawa zinaweza kutumika hadi siku ya tano. Vilevile kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini na huduma ya kisaikolojia. Familia inayokaa siku tatu ikijadili aibu itakuwa imeshaipoteza nafasi ya dawa ya kwanza, na hakuna kikao kitakachoirudisha.

Kila anayetoka kwenye tukio kama hili hutamani kuoga, na tamaa hiyo inaeleweka. Hata hivyo, asioge, asifue, asichane nywele wala kubadili nguo kabla ya kuonwa na daktari, na akilazimika kubadili, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu vielelezo. Sampuli zinazochukuliwa zinaweza kupimwa vinasaba na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Hata aliyekwisha kuoga aende hospitali vilevile, kwani tiba bado ipo na ushahidi hauishii kwenye sampuli.

Fomu ya Polisi namba 3, inayojulikana kama PF3, hutolewa kituoni na kujazwa na daktari, na ndiyo inayounganisha uchunguzi wa hospitali na kesi. Aliye katika hali mbaya apelekwe kwanza kupata tiba ya kuokoa maisha, fomu ifuatiliwe na ndugu. Katika wilaya hii huduma zinapatikana Hospitali ya Wilaya ya Misungwi na Hospitali ya Bukumbi, na kwa mahitaji makubwa zaidi zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Jeshi la Polisi limeanzisha Madawati ya Jinsia na Watoto zaidi ya 400 nchini, ambako manusura husikilizwa faraghani na askari waliopata mafunzo. Manusura anaweza kuomba kuhojiwa na askari wa kike na kuambatana na mtu anayemwamini. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na kwa masuala ya watoto ipo namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Mtoto haleti taarifa kwa maneno ya mtu mzima. Huanza kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, hukataa kwenda nyumba fulani, hukaa kwa shida, au hupata pesa na pipi zisizo na maelezo. Anapoanza kueleza asikatishwe, asitishwe na asirudishwerudishwe kusimulia mbele ya kila jirani. Wavulana nao hufanyiwa ukatili huu, na kwa kuwa jamii haitarajii hivyo, hukaa na siri hiyo kwa miaka. Kumlawiti mtoto kunaadhibiwa kwa kifungo cha maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na mlango wa karibu ni Mtendaji wa Kijiji, Afisa Ustawi wa Jamii au kamati ya MTAKUWWA ya eneo husika.

Kikwazo kikubwa kuliko umbali na gharama ni kumalizana nyumbani. Wazee wa pande mbili hukaa, ng'ombe au fedha hutajwa, na baba wa binti hurudi na kitu mkononi wakati binti mwenyewe hakuitwa kwenye kikao. Makosa haya ni ya jinai, mlalamikaji wake ni Jamhuri, na familia haina mamlaka ya kuyafuta. Kupokea malipo ili kuficha kosa la jinai ni kosa lingine linaloweza kumfikisha mzazi kizimbani. Fidia ipo kisheria, na mahakama ndiyo inayoiamuru ilipwe kwa aliyeumizwa, pamoja na kifungo.

Kesi nyingi huvunjika kwa sababu mashahidi hawarudi. Wapo wanaohama, wanaotishwa na wanaoshindwa nauli ya kufika Mahakama ya Wilaya kwa mara ya nne baada ya shauri kuahirishwa. Msaada wa kisheria bila malipo hutolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko ngazi ya kata, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023 imekuwa ikizifikia halmashauri mbalimbali. Mkoani Mwanza, shirika la Kivulini limekuwa likiwasindikiza wanawake katika safari hiyo tangu mwaka 1999.

Wengine hujiondoa wakiamini kuwa pasipo shahidi aliyeona, hakuna kesi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika uamuzi wa mwaka 2006 ambao hurejewa mara kwa mara, ilieleza kuwa ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyefanyiwa kitendo hicho. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127, inairuhusu mahakama kumtia hatiani mshtakiwa kwa maelezo ya manusura pekee ikiwa imeridhika kuwa anasema ukweli. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, baada ya kuahidi kusema ukweli na kutosema uongo.

Na kwa anayehofia kusimama mbele ya umati na kusimulia yaliyompata huku kijiji kikimtazama, kifungu cha 186(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaelekeza kuwa ushahidi katika makosa ya kujamiiana hupokelewa katika mahakama ya faragha, na vyombo vya habari haviruhusiwi kuuchapisha. Siku ya kusikilizwa, hakimu ataagiza watu watoke, mlango utafungwa, na ndipo atakapoitwa.